Uso wa Yesu Nyuma ya Gari la 46

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Kawangware, jijini Nairobi, kuanzia steji ya matatu za njia ya 46 hadi Gatina, na wanaoitoa ni watu ninaowaheshimu: wazee wa kanisa, makatekista, akina mama wa jumuiya. Wanasema picha ya Yesu ikichorwa nyuma ya matatu imedhalilishwa. Mahali pa kitu kitakatifu ni kanisani, penye ukimya na sakafu iliyofagiliwa. Barabarani kuna vumbi, matusi ya makanga, moshi wa dizeli na maji machafu yanayokatiza lami. Vipi uso wa Bwana upelekwe huko, ukae bega kwa bega na sura ya mwanamuziki au mchezaji kandanda? Waliosoma au kusafiri huikaza hoja kwa kutaja Ulaya. Huko, wanatuambia, watakatifu walichongwa na mabingwa kwa mawe, wakawekwa mahali pa heshima, na wamekaa karne nenda karne rudi. Sisi tunawapaka kwenye bati la gari ambalo mwakani litakuwa limeuzwa.

Najua kauli hii inatokana na mapenzi. Naipinga kwa sababu mfano mkubwa kabisa wa huko Ulaya unashuhudia kinyume chake, na kwa sababu inatuficha swali zito zaidi kuhusu picha za dini zinazowekwa hadharani.

Mfano wenyewe uko Prague, mji mkuu wa Ucheki, kwenye daraja la mawe linalovuka mto Vltava. Ujenzi wake ulianza 1357, enzi za mfalme Charles wa Nne, na leo daraja linaitwa kwa jina lake. Lina urefu wa takriban mita 516. Pande zote mbili, juu ya nguzo zake, zimesimama sanamu na makundi ya sanamu yapatayo 30, nyingi zikiwa zimewekwa kati ya 1706 na 1714. Zinafuata mtindo wa Baroko: kanzu zinapepea, mikono imeinuliwa, nyuso zimejaa uchungu au furaha isiyofichika. Mtu akitaka kukuonyesha jinsi Wazungu walivyowaheshimu watakatifu wao, hukosi kuoneshwa picha ya daraja hili.

Sasa daraja ni nini kama si barabara? Tena hii haikuwa barabara ya pembeni. Hadi 1841 hilo ndilo lilikuwa daraja pekee la Prague juu ya Vltava. Kila gunia la nafaka, kila mkokoteni, kila mchuuzi na kila askari aliyetaka kutoka upande wa soko kwenda upande wa ngome alipita katikati ya watakatifu hao. Mwaka 1883 tramu za kukokotwa na farasi zilianza kulivuka. Mwaka 1905 zikaja za umeme, zikadumu miaka mitatu. Magari yaliendelea kupita hadi 1965, ndipo daraja likaachiwa watu wa miguu. Kwa miaka kama 80, basi, sanamu zinazosifiwa kwa kuwekwa mahali pa heshima zilikuwa majirani wa usafiri wa umma, zikipigwa na harufu ya samadi ya farasi na baadaye moshi wa injini.

Walioziagiza hawakukosea mahali. Waliitafuta barabara kwa makusudi. Baada ya Wakatoliki kushinda vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, nchi ile iliyokuwa na Waprotestanti wengi ilikuwa ikirudishwa Ukatoliki, na mashirika ya kitawa yalijua kwamba mtu asiyekanyaga kanisani lazima avuke mto. Kwa hiyo kila kundi lilitafuta nguzo yake. Kitivo cha udaktari kiliwasimamisha Kosma na Damiani, watakatifu wa waganga, mwaka 1709. Kitivo cha sheria kikamsimamisha Ivo, mtakatifu wa mawakili, mwaka 1711. Wajesuiti walimweka mwanzilishi wao, Inyasi wa Loyola. Ukipita pale ulikuwa unasoma nani ni nani mjini, nani ana fedha na nani anamwomba mtakatifu yupi. Mwenye matatu anayeandika Zaburi juu ya kioo cha mbele anafanya jambo la ukoo huo huo: anatangaza anayemtegemea, na anatangaza gari lake.

Hata idhini ya kanisa, ambayo wazee wetu huidai kwanza, haikusubiriwa. Sanamu ya Baroko iliyotangulia zote darajani ni ya Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni kutoka daraja hilo hilo mwaka 1393 kwa amri ya mfalme. Hadithi ya watu inasema alikataa kutoa siri ya maungamo ya malkia. Wanahistoria wanautaja zaidi ugomvi wa mamlaka kati ya mfalme na askofu mkuu. Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa 1683. Roma ilimtangaza mwenye heri 1721 na mtakatifu 1729. Kwa miaka 38 alisimama barabarani akiwa na nyota tano kichwani, akipokea salamu za wapita njia, kabla Papa hajasema lolote rasmi juu ya utakatifu wake. Watu walimpeleka barabarani kwanza, kanisa likafuata. Leo bamba za shaba zilizo chini yake zinang'aa mahali palipoguswa na mikono ya wapitao, huku sehemu nyingine zikiwa zimefifia na kuwa nyeusi.

Hoja ya pili ya wenye kauli ile ni ya kudumu: jiwe linakaa, rangi inabanduka. Nayo si imara kama inavyosikika. Sanamu nyingi za darajani zilichongwa kwa jiwe la mchanga, ambalo mvua na moshi hulila polepole. Septemba 1890 mafuriko yalibomoa matao ya daraja, na Inyasi wa Loyola na Fransisko Ksaveri wakaanguka mtoni. Ksaveri alirudishwa kwa umbo la nakala mwaka 1913. Inyasi hakurudi kamwe. Nguzo yake wakapewa Kirili na Methodi, kazi ya mchongaji Karel Dvořák iliyomalizika 1938. Sanamu nyingi za asili zimehamishiwa makumbusho, na mgeni anayezipiga picha leo mara nyingi anapiga picha ya nakala. Daraja limedumu kwa sababu watu wameendelea kulipia kazi yake kufanywa upya. Hapo ndipo tofauti yetu na Prague ilipo, wala haihusu jiwe na rangi: wao wana mahali pa kuhifadhia kilichochoka, sisi tunakipiga rangi juu.

Tena hatuhitaji kwenda Ulaya ili tuone kwamba imani imekuwa ikisafiri njiani tangu zamani. Mtepe wa Lamu, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulichorwa jicho kwenye omo yake. Malori yanayopandisha mizigo kutoka Mombasa huandikwa Bismillahi juu ya kichwa, na sijawahi kumsikia shehe akilalamika kwamba jina la Mungu limeshushwa kwa kupakwa juu ya tairi. Ukishuka bonde la ufa kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu, utalikuta kando ya lami kanisa dogo lililojengwa 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Halikujengwa katikati ya mji wala kwenye kilima cha fahari. Limekaa pale magari yanapopita, nao madereva husimama, wakaingia, wakatoka, wakaendelea na safari. Na Kibera, mwanzoni mwa 2008 nchi ilipokuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na mageti. Kundi alilotoka, Maasai Mbili, lilianzishwa na waandishi wa vibao vya maduka. Ujumbe ule ungefungiwa ndani ya ukumbi wa kanisa ungewafikia waliokuwa tayari wametulia.

Lakini wako wanaopinga kwa sababu nyingine, na hao siwezi kuwajibu kwa mtepe na lori. Ni Waprotestanti wengi wa mtaa huu wanaosema amri ya Mungu imekataza sanamu popote pale, kanisani na barabarani. Ni Waislamu wa Kibera, kuanzia Wanubi ambao babu zao walikaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20, wasiochora umbo la mtume yeyote. Wao hawasemi picha imeshushwa hadhi. Wanasema: mkiiweka njiani mnatulazimisha na sisi tuipitie. Hapa ndipo daraja la Prague linapogeuka kuwa ushahidi dhidi ya upande wangu, na ni lazima niusome wote.

Juni 1621 wakuu 27 walioasi dhidi ya mfalme Mkatoliki, wengi wao Waprotestanti, waliuawa hadharani mjini Prague. Vichwa 12 vilitundikwa kwenye mnara wa daraja, vikakaa hapo miaka 10. Watakatifu wa Baroko walikuja kusimama kwenye njia iliyopita chini ya mnara huo huo. Mwaka 1696 Myahudi mmoja wa mjini, akishtakiwa kwa kuukashifu msalaba uliosimama darajani, alitozwa faini, na fedha yake ikatumika kuweka herufi za dhahabu za Kiebrania kuuzunguka mwili wa Yesu. Maneno yenyewe ni sifa za Mungu kutoka kitabu cha Isaya, ambazo Wayahudi huzitamka katika sala zao. Yakawekwa pale ili kila Myahudi anayevuka aone sala yake ikitumiwa kumdhalilisha. Sanamu nyingine, ya 1714, inawaonyesha watakatifu waliokomboa mateka wa Kikristo. Chini yao amesimama mlinzi wa Kituruki mwenye kitambi na upanga, ameegemea gereza walimofungiwa mateka hao. Mwislamu wa Kibera akiletwa pale atajiona wapi, ikiwa si katika huyo?

Halafu kuna Ksaveri mwenyewe, yule aliyeanguka mtoni 1890. Sanamu yake ni ya mchongaji Ferdinand Maximilian Brokoff, ya 1711, na iligharimiwa na vitivo vya teolojia na falsafa. Mmisionari amesimama juu, mkono wenye msalaba umeinuliwa. Chini, watu wa mataifa ya mbali wameinama na kubeba kwa mabega yao jukwaa alilosimama, na mmoja wao ni Mwafrika. Huyu Ksaveri alifika kwetu. Mwaka 1542, akiwa njiani kutoka Msumbiji kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi, na hapo akamzika msafiri aliyefia melini. Katika barua yake aliandika jinsi Waislamu wa mji walivyoyasifu maziko hayo, na jinsi mmoja wao, mtu mwenye heshima, alivyozungumza naye kwa masikitiko kuhusu watu wao kulegea katika kusali. Mazungumzo ya watu wawili waliosimama ardhi moja, kila mmoja akimuuliza mwenzake habari za Mungu. Miaka 169 baadaye, kwenye daraja la Prague, hakukubaki mazungumzo. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini amembeba.

Swali nililosema tumefichwa ndilo hili. Tukishughulika na kama picha iko kanisani au barabarani, hatuulizi ndani ya picha nani yuko chini ya miguu ya nani, wala nani alilazimishwa kuilipia. Mimi naona hilo ndilo linaloamua kama picha ya dini inamheshimu Mungu. Sanamu ya Mturuki ingemtukana Mwislamu hata ingefichwa altareni. Na msalaba hauchafuliwi na vumbi. Ulichafuliwa na ile faini. Watu wa Prague wenyewe hawakuzing'oa zile herufi za Kiebrania. Mwaka 2000 waliweka karibu nazo bamba linaloeleza zilifikaje pale.

Ukitoka hapo, simama dakika tano steji ya 46 jioni, magari yakipanga foleni kujaza abiria. Mara nyingi picha ni uso tu: macho yametazama juu, taji la miiba, tone moja la damu shavuni. Anayeujua ufundi huu huanza na macho, kwa sababu macho yakienda upande uso wote umeharibika na mwenye gari hatalipa. Hupuliza rangi kwa bomba la hewa, safu nyembamba juu ya safu, akiziba kwa gazeti na gundi ya karatasi sehemu asizotaka ziguswe, na vumbi la gereji ndilo adui wake mkubwa. Hakuna Mturuki chini ya picha hiyo. Hakuna aliyetozwa faini. Aliyeilipia ni mwenye gari, kwa fedha ya nauli. Kwa kipimo hicho, lile bati lina jambo ambalo sehemu ya daraja la Prague haina.

Siwezi kusema halina kasoro. Uso huo, karibu kila mara, ni wa Mzungu mwenye nywele ndefu za kahawia, ulionakiliwa moja kwa moja au kwa mzunguko kutoka mchoro wa Mmarekani Warner Sallman wa 1940, uliochapishwa mamilioni kwa mamilioni na kuning'inizwa kila sebule kutoka hapa hadi Kisumu. Inanisikitisha kumwona kijana anayeweza kuuchora uso wowote duniani akiuchora uso wa mtu asiyefanana hata kidogo na mama yake. Hili limewahi kupatiwa jibu katika nchi hii. Miaka ya 1950 Elimo Njau, msanii aliyezaliwa upande wa Kilimanjaro na kusomea Makerere, alichora katika kanisa la Kianglikana la Murang'a michoro mitano ya maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, watu wake wakiwa Waafrika na nchi yake ikiwa migongo ya Murang'a. Aliimaliza 1959, katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Haijashuka barabarani bado. Ningependa ishuke.

Kasoro ya pili wazee wanaitaja, nami nasimama nao bila kusita: gari lenye uso huo likipanda juu ya njia ya miguu, likimsukuma mama mboga na beseni lake, likikata kona ya Valley Arcade kama halina breki. Hapo kuna kufuru. Lakini iko kwenye usukani. Tukiifuta picha na kumwacha dereva alivyo, tutakuwa tumeliondolea gari lake jambo pekee lililokuwa likimkumbusha.

Serikali nayo imewahi kuona kwamba dawa ni kufuta. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza Februari 2004 zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano. Mikanda na vidhibiti vilihitajika, na sina neno juu yake. Lakini kanuni hizo, pamoja na misako iliyofuata, zilizima pia kazi ya wachoraji kwa miaka. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema vijana waachwe wachore, kazi ikarudi, ikafuatwa tena na misako. Kati ya kufutwa na kurudi, hatujui tumepoteza nini, kwa sababu hakuna taasisi iliyopewa jukumu la kupiga picha hata zile kazi bora kabla hazijapakwa juu. Bodi ya gari lililostaafu huuzwa kama chuma chakavu na uso uliomo.

Kanisa linaweza kufanya zaidi ya kulalamika. Mwaka 1710 abati wa monasteri ya Plasy, huko Ucheki, alimpa kazi kijana wa miaka 26 aliyetoka Tirol, mgeni asiye na jina kubwa Prague, Matthias Braun. Akachonga kundi la Mtakatifu Luitgarda, mtawa kipofu aliyepiga magoti mguuni pa msalaba, naye Kristo ameinama kumwelekea, mkono mmoja umebanduka kutoka kwenye mti ili umpokee. Wengi huihesabu hiyo kuwa nzuri kuliko zote darajani. Ndiyo iliyomfungulia Braun njia. Vijana wa umri huo, wageni wa jiji hili kama alivyokuwa yeye, wako gereji za Kawangware leo, na kila parokia na kila kanisa la mabati hapa lina angalau ukuta mmoja unaotazama barabara ambao sasa umebandikwa matangazo ya madaktari wa kienyeji. Baraza la kanisa limwite kijana mmoja, limpe nusu ya malipo kabla kama wenye magari wanavyompa, limruhusu achague nyuso zake kutoka kwa watu wanaopanda gari hapo steji, na wazee waketi naye wakubaliane nani atakuwa wapi kwenye mchoro kabla hajafungua kopo la kwanza la rangi.